Makala ya Mahindi Iliyotajwa Mara Mia Moja na Nne

Nchi ninayotoka sitaitaja jina. Si kwa woga. Kwetu kutaja ni kazi ya wenye kibali, na kibali changu kimekwisha muda wake.

Ilikuwa nchi yenye utaratibu. Hapo zamani wasomi wake walikuwa wakisema ovyo. Huyu anasema daraja limeoza, yule anasema mto umekauka, mwingine anasema watoto wa darasa la saba hawajui kusoma. Mtukufu Mkuu wa Nchi akakosa raha. Akamwita Waziri wake wa Elimu ya Juu na Mambo ya Ukweli, akamwuliza, "Profesa, nitajuaje lipi ni kweli na lipi ni chokochoko?"

"Mtukufu, tuhesabu tu," Profesa akajibu. "Msomi akiandika makala, na makala hiyo ikatajwa ndani ya makala nyingine mia moja, basi hiyo ni kweli, na Serikali itaitekeleza neno kwa neno. Isiyofika mia ni maoni ya mtu. Na maoni ya mtu hayajengi taifa."

Mtukufu akapiga makofi. Walinzi wa mlangoni wakapiga makofi. Sisi tuliokuwa kwenye foleni nje tukapiga pia, ingawa swali hatukulisikia.

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Ukweli, na ndivyo lilivyoundwa Baraza la Kutajwa, likapewa jengo la ghorofa tisa lililokuwa likijengwa kuwa hospitali ya wazazi. Mimi, Kizito Luambano, nilikuwa humo Afisa Mlezi wa Machapisho, Daraja la Pili. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia wasomi watajwe, na niliipenda. Watu waliingia kwangu na makala ambazo hata wake zao hawakuzijua, wakatoka na makala zinazotajwa mpaka na mahasimu wao.

Mtu akiniuliza siri ya makala kutajwa sana, nilimwonyesha ile iliyotundikwa ukutani. Aliiandika Profesa Waziri mwenyewe, kurasa nne, jina lake "Umuhimu wa Mambo", na ilikuwa imetajwa mara elfu sitini na moja. Hitimisho lake ninalijua kwa moyo: "Baadhi ya mambo ni muhimu, mengine nayo ni muhimu, utafiti zaidi unahitajika." Hakuna aliyewahi kuipinga. Mhandisi wa barabara aliweza kuitaja, na daktari wa meno aliweza kuitaja. Tena kanuni ya tisa ilisema kwamba asiyeitaja, makala yake haipokewi. Siwezi kusema lipi kati ya hayo lilisaidia zaidi.

*

Dk. Zamda Chembea aliingia ofisini kwangu Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mkono mmoja bahasha, mkono mwingine chupa ya jamu yenye mahindi.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma. Alifundisha elimu ya ukungu unaoota kwenye vyakula, katika chuo kimoja cha mkoani ambacho kuta zake zilimpa mifano ya kutosha.

"Shikamoo, Bwana Kizito."

"Marahaba, Dokta. Karibu ukae."

Hakukaa. Alifungua chupa, akamimina punje chache juu ya karatasi zangu. Nyingine zilikuwa nyeupe, safi. Nyingine zilikuwa na ukungu wa kijani kama mkate uliosahauliwa kabatini.

"Haya yanatoka Ghala Namba Saba, Wilaya ya Lwanda," alisema. "Paa lake linavuja tangu mwaka juzi. Mahindi yakaloa, yakaota ukungu, na ukungu huu unaacha sumu, sumukuvu. Tangu mwaka jana Lwanda mvua zimegoma, watu hawakuvuna kitu, na Serikali inawagawia mahindi hayohayo kama chakula cha msaada. Sumu yake haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Inakula maini. Mtoto anaanza kutapika, macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa. Siku kumi hayupo tena."

"Wangapi?"

"Niliowahesabu mimi, arobaini na mmoja."

Nikaichukua makala. Iliitwa "Sumukuvu katika Mahindi ya Ghala Namba Saba na Vifo vya Watoto Arobaini na Mmoja Wilayani Lwanda". Kurasa kumi na nane. Katikati palikuwa na jedwali, kila mtoto na mstari wake: umri, kijiji, siku alipoanza kuumwa, siku aliyozikwa. Sentensi ya mwisho ya makala ilikuwa na maneno mawili: "Ghala lifungwe." Nilipofika kwenye jedwali nilikwenda dirishani kidogo, kwa sababu ya vumbi. Kisha nikarudi mezani nikafungua daftari la kutajwa.

Makala ilikuwa na miezi mitano, nayo ilikuwa imetajwa mara tatu. Mara mbili alijitaja mwenyewe. Mara ya tatu alitajwa na mtu wa ng'ambo aliyekuwa akimtafuta Chembea mwingine, mtaalamu wa magamba ya samaki.

"Bado tisini na saba," nilimwambia kwa upole.

"Bwana Kizito, mtu akija kukwambia nyumba inaungua, unamwuliza ametajwa mara ngapi?"

"Nyumba zina idara yake, Dokta."

Hapo ndipo alipokaa. Aliokota punje moja moja akairudisha chupani, na huku akiokota akanieleza kwamba dada yake, Siwema, anaishi hukohuko Lwanda, na ana binti wa miaka mitano anayeitwa Chausiku.

"Nimemkataza asile mahindi yale. Kila mwezi nampelekea gunia la mchele. Lakini dada yangu nitamfanyaje? Hawezi kupika wali jirani akanusa tu. Gunia la mwezi linakwisha kwa wiki moja, halafu wanarudi kwenye mahindi. Nimekwenda kwa Mkuu wa Wilaya, akaniuliza makala yangu imetajwa mara ngapi. Nimekwenda kwa Bwana Afya, akaniuliza hilohilo. Nikaenda ghalani mwenyewe. Mlinzi, Bwana Kizito! Mlinzi mwenye rungu, naye akaniuliza!"

Nakiri kwamba nilifurahi kidogo kusikia Sheria imefika mpaka kwa mlinzi.

*

Tulianzia Ijumaa. Kila Ijumaa saa sita, katika kantini ya Baraza, wasomi walikutana katika chama chao kiitwacho Nitaje Nikutaje. Kilikuwa chama cha upendo. Watu walisalimiana kwa kushikana mikono miwili.

"Nimekutaja ukurasa wa nne."

"Nami nimekutaja mara mbili, moja kwenye tanbihi."

Mtaalamu wa nyuki alimtaja mtaalamu wa katiba kwa kuwa walilala bweni moja. Kuna wawili walikuwa wametajana mara mia mia, wala hakuna aliyejua mwenzake anashughulika na nini.

Nilimpeleka Dk. Zamda kwa Profesa Kiswaga, bingwa wa nafaka nchini, mzee mnene mwenye roho nzuri. Akatukaribisha, akaagiza chai.

"Umeisoma makala yangu, Profesa?" Zamda alimwuliza.

"Mwanangu, nilipoona jina lake tu nikaielewa. Ndiyo maana siwezi kuitaja. Ghala lile nilikagua mimi mwaka jana, nikaandika kwamba ni imara. Nikikutaja wewe, watauliza mimi nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale nje, kwenye gari. Kulikuwa na tope."

Tulizunguka meza zote. Mmoja alisema jina la makala ni refu, akilitaja litamla nusu ukurasa. Mwingine alisema yeye anaandika mambo ya utalii, na watalii hawapendi vifo. Wa tatu alisema ameguswa sana, sana, na kwamba atamwombea. Tuliporudi mezani chai ya Zamda ilikuwa imepoa, imeshika utando juu. Hakuinywa.

"Sasa nifanye nini?" aliniuliza.

Ni mimi niliyemjibu. Hakunilazimisha mtu.

"Dokta," nikamwambia, "makala hutajwa ikimwachia kila mtu mlango wa kuingilia. Yako umefunga yote. Tuifungue kidogo."

*

Tuliifungua kwa wiki tano.

Kwanza tuliongeza waandishi. Mwandishi akiwa peke yake hutajwa na rafiki zake, wakiwa saba hutajwa na rafiki wa watu saba. Tukampata Profesa Kiswaga, tukampata Katibu Mkuu wa Nafaka, tukampata Mkurugenzi wa Maghala, na kila mmoja akaja na mtu wake. Walikuwa waungwana. Mkurugenzi wa Maghala hakudai kitu ila namba ya ghala iondolewe, ikawekwa "baadhi ya mazingira ya uhifadhi". Katibu Mkuu aliomba neno "vifo" liwe "matokeo ya kiafya yasiyotarajiwa". Zamda akamwambia kwamba mtoto akila sumu kifo kinatarajiwa. Katibu Mkuu akasema basi liwe "matokeo" tu, yeye si mtu wa kung'ang'ania.

Kwenye jedwali ndipo tulipokwama.

"Jedwali hapana," Zamda alisema. "Hao ni watoto. Mama zao walinitajia umri wakilia. Nimewaahidi nitawaandika."

Nikamweka chini nikamweleza. Nayakumbuka maneno yangu yote.

"Dokta, jedwali likibaki makala haitajwi. Makala isipotajwa ghala halifungwi. Ghala lisipofungwa jedwali litarefuka. Sasa unataka jedwali, au unataka ghala lifungwe?"

Siku ile nilijiona mwenye hekima. Hata jioni nilimsimulia mke wangu.

Zamda alilivuta jedwali mbele yake. Kisha aliniomba rula na kalamu. Alilikata mwenyewe, mstari kwa mstari, na kila alipopitisha rula alisoma umri kwa sauti ndogo: miaka miwili, miaka minne, miezi kumi na minne, miaka mitatu, miaka mitatu. Ilichukua karibu saa nzima. Katikati ya kazi hiyo simu yake ikalia, akaipokea. Nilisikia sauti ya mtoto kutoka upande wa pili, kali kama filimbi:

"Mama mdogo! Jino limeng'oka! La mbele!"

"Umelitupa juu ya paa?"

"Nimelitupa. Mama anasema mchele umekwisha."

"Mwambie mama nakuja nao Jumamosi. Na mwambie asipike yale mengine. Umenisikia, Chausiku?"

"Nimesikia. Sasa nina pengo. Naweza kupenyeza ulimi."

Zamda alicheka. Alikata simu, akafuta macho, akaendelea na rula.

Mwisho kabisa ikabaki ile sentensi ya maneno mawili. Profesa Kiswaga alisema ni amri, na msomi haamuru. Nikapendekeza badala yake: "Wadau waendelee kushirikiana."

"Hapo makala inasema nini sasa?" Zamda aliuliza.

"Inasema watu washirikiane. Wakishashirikiana, ghala watalifunga wenyewe."

"Una hakika?"

"Dokta, ikifika mia tu, Serikali itaitekeleza neno kwa neno. Ndiyo Sheria."

Katika hilo sikumdanganya.

Tukaipa jina jipya, "Mahindi: Changamoto, Fursa na Mustakabali", tukaichapisha.

*

Sijapata kuona makala ikikimbia vile. Wiki ya kwanza ilitajwa mara kumi na tisa. Mtaalamu wa soka aliitaja alipojadili lishe ya makipa. Mwanatheolojia mmoja aliitaja akisema kwamba sote ni punje. Daktari wa meno aliitaja kwa mazoea. Hakuna aliyeipinga, maana hapakuwa na mahali pa kushikia. Wa tisini na tisa alikuwa yule wa ng'ambo wa magamba ya samaki, ambaye safari hii alimkusudia Chembea huyuhuyu. Wa mia alikuwa Profesa Waziri mwenyewe. Siku ya sherehe walikuwa wamefika mia moja na nne, katika wiki sita.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi mkubwa wa Baraza, ule ambao ungekuwa wodi ya watoto njiti. Zamda alikalishwa mbele, shada la maua shingoni, waandishi wenzake sita pembeni yake. Nilimwona akitabasamu. Alinipungia mkono nilipokuwa nimekaa, safu ya tano, na midomo yake ikasema bila sauti: asante.

Profesa Waziri alisimama. Alikuwa msemaji hodari.

"Ndugu wananchi! Kuna mataifa yanayoongozwa kwa ramli, kuna mataifa yanayoongozwa kwa hasira za watu. Taifa letu linaongozwa kwa tanbihi! Leo makala ya mahindi imekuwa kweli. Na kweli ikishakuwa kweli, Serikali haina hiari. Makala inasema nini? Inasema wadau waendelee. Basi natangaza: ugawaji wa mahindi Lwanda utaendelea! Inasema nini tena? Kushirikiana. Basi mahindi ya Lwanda yatashirikishwa kwa wilaya mbili za jirani, kuanzia kesho asubuhi!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Waandishi sita walipiga makofi. Nami mikono yangu ilikuwa imeshaanza kupiga kabla sijaisimamisha.

Zamda aliinuka na lile shada lake, akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mahindi hayo yana sumu. Yanaua watoto."

Profesa Waziri hakukasirika. Alimgeukia kama mwalimu anavyomgeukia mwanafunzi mzuri aliyekosea.

"Ukurasa wa ngapi, Dokta?"

Zamda alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hii ni makala yako. Nimeitaja mimi mwenyewe. Nionyeshe ukurasa, hata mstari mmoja, nitawarudisha madereva sasa hivi. Ukurasa wa ngapi?"

"Haupo," Zamda alisema.

"Haupo," Waziri aliwaambia watu, kwa huruma.

"Niruhusuni niyarudishe maneno yangu. Ninayo yote, ninayo jedwali nyumbani..."

Mwanasheria wa Baraza aliinuka akafafanua kwamba makala iliyokwisha kuwa kweli haibadilishwi. Ikibadilishwa, wote mia moja na nne walioitaja watakuwa wametaja uongo, akiwemo Mheshimiwa, na hilo ni kosa la jinai. Kisha bendi ikapiga wimbo. Zamda alibaki amesimama mbele ya kipaza sauti kilichozimwa, midomo inacheza, na mpiga tarumbeta alikuwa karibu naye mno, hakuna aliyesikia alichosema.

Akaanza kunitafuta kwa macho katika safu ya tano. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

*

Baada ya sherehe alipandishwa cheo, akahamishiwa Barazani kuwa Mshauri Mwandamizi wa Mahindi. Hakuwahi kukaa kwenye kiti hicho. Ila kwa sababu ya cheo hicho, fomu zake za likizo zilipita mezani kwangu. Zilikuwa mbili. Ya kwanza, penye sababu, aliandika "kuuguza". Ya pili aliandika "kuzika". Zilifika kwa posta siku moja, na Idara ya Utumishi ikaziidhinisha pamoja.

Kwenye fomu ya pili palikuwa na sehemu ya uhusiano na marehemu. Alikuwa ameandika: "Mtoto wa dada yangu. Chausiku. Miaka mitano na miezi sita. Siku tisa."

Nilijua zile siku tisa ni za nini. Aliijaza ile nafasi ndogo kama mstari wa jedwali.

Makala nayo iliendelea vizuri. Mwezi wa nane ilivuka elfu mbili. Ikatangazwa kuwa ya pili nchini baada ya "Umuhimu wa Mambo", na mimi nikapandishwa Daraja la Kwanza kwa kuilea. Mwezi wa tisa nikatumwa Lwanda, kumpelekea Dk. Zamda ngao yake ya shaba na fomu ya kusaini.

*

Nyumba ya Siwema iko mwisho wa barabara, baada ya ghala. Nilipita mbele ya ghala. Lilikuwa wazi, na lori lilikuwa likipakia.

Uani nilikuta wanawake kama ishirini wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja ungo mapajani. Walikuwa wanachambua mahindi, punje kwa punje. Nzuri huku, mbovu kwenye shimo lililochimbwa katikati ya ua. Zamda alikuwa kati yao, kitambaa kichwani, amekonda mpaka nikapita mbele yake mara moja bila kumtambua. Alikuwa akimwonyesha mama mmoja punje iliyopasuka.

"Hii usiiangalie rangi tu. Inuse. Ikinuka udongo wa mvua, tupa."

Aliniona. Hakusimama. Nilimpa ngao, akaiweka chini kando ya mkeka. Nilimpa fomu, akauliza ni ya nini, nikamwambia ni ya kuthibitisha kwamba yeye ni mmoja wa waandishi. Akaomba kalamu, akalikata jina lake, akanirudishia. Kwa hiyo makala ile leo ina waandishi sita, wala hakuna kati yao aliyeiandika. Haijaathiri idadi ya kutajwa.

"Kuchambua kunatosha, Dokta?" niliuliza, kwa kuwa nilihitaji kusema kitu.

"Hakutoshi. Kunapunguza. Kijiji hiki wiki ya tano sasa hatujazika mtoto. Vijiji viwili vya juu wameanza kuja kujifunza." Alipepeta ungo wake. "Zile wilaya mbili za jirani sijafika. Sina nauli wala sina miguu ya kutosha."

Mwanamke aliyekaa mkabala naye, mrefu, mwenye uso wa Zamda ila umezeeka zaidi, aliweka ungo chini.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye, dada."

Siwema aliingia ndani akatoka na karatasi zilizokunjwa mara nyingi. Ilikuwa makala yetu. Alikaa mbele yangu, akazinyoosha juu ya goti.

"Mimi nimeishia la saba, baba, lakini kusoma najua. Hii nimeisoma mara tatu. Namtafuta mwanangu. Hayumo."

"Ilipoandikwa alikuwa hai, dada yangu."

"Basi namtafuta yeyote. Namtafuta mtoto wa Mama Tabu, huyo hapo. Nawatafuta pacha wa mwalimu. Nimepita kidole mstari kwa mstari. Wakubwa wamo, fursa zimo, mtoto hata mmoja hayumo. Mdogo wangu alikuja hapa akawaandika watoto wote, akakaa na kila mama. Walikwenda wapi?"

"Ile makala ya kwanza," nilisema, na sauti yangu ikatoka kama ya ofisini, "ilikuwa imetajwa mara tatu tu."

"Sikukuuliza ilitajwa mara ngapi. Nakuuliza, ilikuwa kweli?"

Wanawake waliacha kuchambua. Nilitazama viatu vyangu. Kwa mujibu wa Sheria yalikuwa maoni. Nilikuwa na kifungu chake kichwani, ibara ya pili, kifungu kidogo cha kwanza, nikafungua mdomo nikisome, kikakataa kutoka.

Siwema alinisubiri. Alipochoka kunisubiri aliinuka.

"Haya. Mgeni ni mgeni. Umetoka mbali, hutaondoka na njaa kwangu."

Wakaleta maji, nikanawa. Wakaleta ugali wa moto na mlenda, wakauweka mbele yangu kwenye kigoda, wakanikaribisha kama wanavyomkaribisha mtu yeyote. Siwema alimega wa kwanza, akala, ili nione. Nami nikamega. Nikafinyanga tonge, nikalichovya, nikalipeleka mdomoni.

Mkono ukasimama njiani.

Nilijitahidi. Mungu anajua nilijitahidi. Nilikuwa nimewaambia watu wengi, kwa barua zenye muhuri, kwamba mahindi ya Lwanda hayajathibitika kuwa na tatizo lolote. Nilikuwa nimekaa ukumbini walipoyapeleka kwa watoto wa wilaya mbili nyingine. Sasa nilikuwa nayo vidoleni, yamechambuliwa, yamepikwa, wenyewe wanakula. Tonge likaanza kumomonyoka. Likaanguka kwenye suruali.

"Kula, baba," Siwema alisema. "Haya tumeyachambua."

Sikuweza.

Zamda aliacha ungo. Alinitazama, na ningefurahi kama angekuwa na hasira.

"Kumbe uliniamini," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza, na chupa yangu mezani. Uliniamini."

Kisha akashika ungo wake akaendelea kuchambua, na wenzake nao mmoja mmoja wakaendelea, na hakuna aliyenisemesha tena. Nilikaa pale na mkono wangu hewani. Maji ya kunawa yalikuwa bado yananidondoka kwenye kiwiko.